Mama, Sikurithiwa

Yeoville, Johannesburg
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa nimekaa kitandani na blanketi miguuni, maana Julai ya huku haina huruma. Goti linaendeleaje? Riziki aliniambia umeanza tena kupanda njia ya soko, na kwamba daktari amekukataza chumvi na wewe unailamba kwa siri. Acha chumvi, mama. Sisi hatujambo. Neema amekua, viatu vya mwanzo wa mwaka havimwingii tena. Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu anajibu Kiingereza, au Kizulu akitaka kunikasirisha.

Barua hii nimempa jirani yangu msusi wa nywele, anayerudi nyumbani kwa basi kupitia Lubumbashi. Sikutaka kutuma sauti kwa simu. Simu yako anaishika baba mdogo, na sauti ikifunguliwa pale uani wanasikia hata wanaopita na ndoo za maji. Riziki, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma. Mtume baba mdogo akamsalimie mtu wa mbali, funga mlango, msomee mama polepole. Usiruke kitu, hata pale utakapoona haya.

Nianze na lile mnalolisubiri, nisiwazungushe. Shemeji Ilunga hajalala chumbani kwangu hata siku moja na hatalala. Sikurithiwa. Najua huko mmeshasema mambo yamekwisha, kwa sababu siku ya kuondoa matanga ya Baba Neema, ukoo wake ulikaa, ukatandika kitenge changu cha zamani juu ya kiti kwa kuwa mwenyewe niko mbali, na Ilunga akakiinua na kukitia begani. Watu wakapiga vigelegele, baba mdogo akajibu kwa niaba yetu, na mimi nikahesabiwa kuwa mke wa mdogo wa marehemu mume wangu. Saa hizo nilikuwa huku nafua shuka za watu, sina habari. Nimekasirika, mama, na nataka hasira hii ikufikie ikiwa bado ya moto.

Usidhani nimekataa kwa sababu nina raha. Tangu Baba Neema afe, miaka miwili sasa, kila kitu cha chumba hiki kiko juu yangu. Karatasi yangu ya ukimbizi naipangia foleni tangu alfajiri, na mara nyingine wanafunga dirisha nimebakiza watu wawili mbele yangu. Juzi Neema alipopata homa tulikuta watu wasiotaka wageni wamesimama mlangoni mwa kliniki, wanauliza vitambulisho kabla hujamfikia muuguzi. Nikarudi na mtoto wa miaka tisa mgongoni, nikamkanda kwa maji nyumbani mpaka homa ikashuka. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwanamke peke yake atashindwa na mji huu, namwelewa. Namwelewa, na bado nasema hapana.

Kazi yangu ni ile ile, kumtunza Mama Miriam kule mtaa wa Observatory, kwenye nyumba ya ngazi nyingi kilimani. Ana miaka themanini na mbili, alikuwa mwalimu wa biolojia, na magoti yake ni mabovu kama yako, ila yeye huyatukana. Wewe uliwatangazia watu wa kanisa kwamba binti yako anafanya kazi kwa Myahudi, mtu wa taifa teule, na habari ikasafiri mpaka ikanikuta huku. Mchungaji wetu wa hapa akanipa chupa ya mafuta ya zeituni, akaniagiza nimpelekee binti wa Ibrahimu ayaombee. Nikayabeba kwa adabu. Mama Miriam alicheka mpaka nikamkalisha kitini. Akasema yeye haombi, hajaomba tangu usichana wake, lakini mafuta yenyewe ni mazuri, akanituma nikwangue viazi. Tukakaanga vitumbua vyao vya viazi na vitunguu. Nilimrudishia mchungaji chupa ikiwa nusu, na alipouliza nusu nyingine iko wapi, nikamwambia imeliwa na taifa teule, na mimi nimelisaidia.

Ndipo nilipojua kwamba wako Wayahudi wasioomba. Ijumaa jioni wanakuja wenzake watano au sita, wazee watupu. Wanawasha mishumaa miwili, wanakata mkate uliosukwa, wanaimba nyimbo za babu zao, lakini pale ambapo sisi tungemtaja Mungu, wao wanawataja watu. Wanasema wao ni Wayahudi kwa chakula, kwa hadithi, kwa ndugu waliouawa na ndugu waliobaki. Ila jema na baya kati ya mtu na mtu, wanasema ni kazi ya binadamu kulipima na kulijibia. Nikamuuliza Mama Miriam, sasa vile vitabu vya Musa mnavifanyia nini? Akasema wanavitunza kama nyanya mzee wa nyumba. Anapewa kiti kizuri na chai, anasikilizwa mpaka mwisho, lakini ufunguo wa chumba cha kulala hapewi.

Mmoja wa wageni hao ni Mzee Sol, mfamasia mstaafu, amefiwa na mkewe zamani. Wengine wakiondoka, yeye mara nyingi anabaki mpaka Jumapili. Mama, mimi ndiye ninayetandika kile kitanda, na mwanzoni nilikitandika nimegeuza uso. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikauliza kama wamefunga ndoa, walau ya serikali. Mama Miriam akasema hapana, ila kila Ijumaa Mzee Sol anamuuliza kama anaweza kubaki, naye anamjibu. Nikasema, na ukijibu hapana? Akasema basi anachukua kofia yake anakwenda, na kesho yake anapiga simu kuuliza kama alilala vizuri. Nilitembea na jibu hilo wiki nzima. Baba Neema alikuwa mtu mwema, nilimpenda, namlilia hadi leo, lakini hata yeye hakuwahi kuniuliza, na mimi sikujua kwamba huulizwa.

Ilunga alifika kwa basi mwezi wa sita. Nilimpokea Park Station kama inavyopasa, nikambebea begi, nikampikia ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo na zile ndakala kavu za ziwani ulizonitumia. Alifikia kwa mtu wa kwetu, mlinzi wa duka kule Braamfontein, na siku tatu za kwanza tulikaa vizuri, tukamlilia kaka yake pamoja. Siku ya nne, saa sita mchana, akaja na begi. Akaliweka juu ya kitanda changu, akatundika koti kwenye msumari wa marehemu, akavuta kiti. Akasema amefika kwake. Kisha akakupigia simu, akafungua sauti, na wewe ukasema, "Binti yangu, mpokee mume wako."

Neno hilo liliniuma kuliko begi, mama, nakuambia wazi. Neema alikuwa pembeni anapaka rangi kwenye daftari. Akaniuliza kwa Kiingereza kama baba mdogo wake atalala kwenye kitanda chetu. Nikamjibu hapana, tena kwa Kiswahili, ili mgeni asikie. Ilunga akachukua begi lake, akasema ananipa wiki moja nitulize moyo.

Sitakudanganya, siku hizo nilitetereka. Nilisema labda ndivyo dunia ilivyo, labda Neema anahitaji mtu wa ukoo wake nyumbani, labda mama yangu atasemwa sokoni. Nikampelekea Mama Miriam shauri hilo, nikiamini kwamba haombi, sawa, lakini damu yake ni ya Maandiko na atajua sheria inasemaje. Nikamweleza kiti, kitenge, vigelegele, wazee. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Wewe unamtaka?"

Nikaanza upya habari za ukoo. Akanikatiza, akasema hajauliza ukoo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na swali hilo lilikuwa halijanifikia kutoka kwa mtu yeyote. Nikalia pale jikoni na karoti mkononi. Halafu nikasema simtaki. Ilikuwa rahisi kulisema kuliko nilivyofikiri.

Ijumaa hiyo akaniomba niketi nao mezani badala ya kupakua. Mzee Sol akafungua vitabu vya Musa, na mama, jambo letu limo humo. Ndugu akifa bila kuacha mtoto, ndugu yake amchukue mjane. Akikataa, mjane anakwenda mbele ya wazee, anamvua yule mwanamume kiatu na kutema mate mbele yake, ndipo anakuwa huru. Nimekaa kanisani tangu nikiwa mgongoni mwako na sijawahi kusikia mchungaji akihubiri kiatu. Mzee Sol akanitania kwamba mimi nina Neema, kwa hiyo hata Musa angekuwa upande wangu. Nikamwambia sitaki kushinda kwa njia hiyo. Je, yule asiyejaliwa mtoto, yeye ndiye halali kukabidhiwa?

Hapo wakagombana, kwa mapenzi, wanavyogombana wao. Mmoja alisema zamani desturi hiyo ilimlinda mjane asife njaa. Mama Miriam akapiga meza. Alikuwa na shangazi, mjane kijana, aliyekaa miaka kumi na moja akimngoja shemeji aliyehamia ng'ambo aje avuliwe kiatu, kwa sababu bila hivyo marabi wasingemruhusu kuolewa tena. Shemeji alipopatikana, mwanamume aliyempenda shangazi alikuwa ameshaoa kwingine. Mama Miriam alisema ndiyo siku yeye alipoanza kuuliza maswali juu ya mambo ya dini, akiwa msichana wa miaka kumi na nne, na hajaacha kuuliza.

Nikawauliza nami langu, maana mnanijua. Nyinyi mkishaweka sheria pembeni, nini kinamzuia mtu asifanye uhuni? Mzee Sol akajibu taratibu. Alisema wanatazama kama wote wawili wanataka kweli, kama hakuna anayeogopa wala kudanganywa, kama hakuna mtu wa tatu anayeumizwa nyuma ya mgongo wake. Na kitakachotokea hapo, kiwe mtoto au ugonjwa au huzuni, wakibebe wote wawili. Nikasema hiyo ni nyepesi mno. Mama Miriam akasema nijaribu mwaka mmoja. Orodha ya makatazo, akasema, mtu anaweza kuitimiza yote bila kumtazama mwenzake usoni hata mara moja.

Kesho yake Ilunga akaja na mchungaji, begi lile lile. Nikawakaribisha, wakaketi. Unajua kwetu mke mwema humpokea mumewe kwa kupiga magoti na kumvua viatu. Basi nilipopiga magoti mbele ya Ilunga na kufungua kamba za kiatu cha kulia, mchungaji alisema amina, na Ilunga akanyoosha mguu kwa raha. Hawakujua jana yake nilikula mkate wapi. Nikasimama na kiatu mkononi, nikaenda nacho mpaka mlangoni, nikakiweka nje kwenye korido, kimeelekezwa kwenye ngazi.

"Shemeji," nikasema, "kile kitenge hakikuwa mimi. Mimi ni huyu hapa, na nimekataa."

Mate sikutema. Yeye ni baba mdogo wa mtoto wangu na hajanikosea kwa ukatili. Wala sikumngoja aniachilie, kama yule shangazi. Hapo ndipo nilipowaacha Wayahudi wa zamani na kwenda njia yangu, kwa sababu sikuona kiatu kina uwezo gani juu yangu. Nilikitumia tu ili wanaume wawili waliokuwa chumbani waelewe upesi.

Mchungaji akaanza habari za laana. Ilunga akautazama mguu wake wenye soksi iliyotoboka kidoleni. Mwisho akasema, "Mama Neema, hata miye hakuna mutu aliniuliza. Niko na bibi kule Moba, na mutoto wa miezi sita. Walinipa kitenge, nikabeba." Nilimtazama, nikamwonea huruma, na huruma hiyo ikaniongezea hasira, maana wazee walikuwa wametutupa sisi wawili, na watatu tukimhesabu yule msichana wa Moba aliyeachwa na mtoto mchanga. Nikamwambia akachukue kiatu chake, sakafu ina baridi. Akakichukua, akarudi, nikampakulia chakula. Mchungaji hakula.

Sasa ni wiki ya tatu. Ilunga anaosha magari karibu na mlinzi wake, na Jumapili anakuja kula kwetu kama shemeji, anampeleka Neema bustanini, naye Neema anamfundisha Kizulu na kumcheka. Anataka kurudi Moba kabla ya mvua. Kuwaambia wazee wake anaogopa, na mimi sitamlazimisha. Basi semeni ni mimi niliyekataa. Jina langu likae mbele kwenye kikao, walitukane wanavyotaka, mabega ninayo. Wakisema Neema atapata ugonjwa kwa ajili ya laana, waambieni Neema hupata homa kila baridi ikianza, kama watoto wote wa jengo hili.

Kanisani wamenitia marudi. Nimetolewa kwenye kwaya, nimepewa benchi la nyuma miezi sita, kosa langu limesomwa kuwa nimemdhalilisha mwanamume mbele ya mtumishi wa Mungu. Leo nilikaa kwenye benchi langu nikaimba sauti ya pili kwa nguvu zote, mpaka kwaya mbele ikapoteza njia na kunifuata mimi. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, naye yuko marudini kwa makosa yake, alinibana mkono kwa furaha. Miezi sita nitaimaliza nikiimba.

Najua baba mdogo atasema Wayahudi wameniharibu, nimekuwa mhuni wa mji. Mama, mimi bado naomba. Mama Miriam ananisubiri nimalize kuombea chakula ndipo atie kijiko mdomoni, na hajawahi kunicheka kwa hilo. Sijalala na mwanamume tangu nifiwe, na si kwa sababu ya mchungaji wala ukoo, ni kwa sababu sijamtaka mtu. Siku nikimtaka, na yeye akinitaka, na hakuna anayedanganywa, nitakuandikia mwenyewe na sitaona haya. Mwili huu ulibeba mimba, ulikaa matanga, unanipeleka kazini kwa miguu kila asubuhi. Sitakubali tena uwekewe kiti na kujibiwa na watu wengine.

Nisalimie wote. Shangazi yangu mkubwa, mwambie kikohozi asikipuuze. Kaka yangu na mkewe, na wale mapacha ambao sijawaona. Mama mkwe wangu msalimie kwa namna ya pekee, mwambie amezaa wana wawili wema, mmoja nimemzika na mwingine anakula kwangu kila Jumapili, na yeye bado ni mama yangu. Wazee wa ukoo wa Baba Neema wasalimie pia, kwa adabu, baada ya kuwasomea.

Sasa wewe, mama. Riziki, hapa ndipo nilipokuambia usiruke. Wewe ulizaliwa baada ya haya na tunakupenda, swali hili halikuhusu wewe, soma tu.

Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja. Siku ya kuondoa matanga ulikuwepo mwenyewe, kwa hiyo hawakuhitaji kitenge. Baba mdogo aliingia na godoro lake. Wewe ulipika, ukaosha sufuria, ukaziosha tena zikiwa safi. Watu walisema una bahati, umebaki ndani ya ukoo, na mimi nikaamini. Lakini nakumbuka ulikuwa ukiimba hata unapochambua maharage, na mwaka ule hukuimba. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani umesahau nyimbo.

Sikulaumu kwa ulichoniambia kwenye simu. Ulinipa ulichopewa. Lakini miaka ishirini na tano imepita na sidhani kuna mtu aliyekuketisha akakuuliza, kwa hiyo nakuuliza mimi binti yako. Mama, wewe ulimtaka?

Usinijibu kwa simu. Mwambie Riziki, aandike neno moja. Likiwa ndiyo, nitafurahi, na nitamheshimu baba mdogo kwa moyo wote. Likiwa hapana, kitanda hiki ninachokalia ni kipana, nami nitakuja mwenyewe mpaka Lubumbashi kukupokea.

Anayekupenda na asiyeomba radhi,
binti yako wa kwanza,
Sifa, Mama Neema